Bomu la 1998, ukuta wa zege na shuka ya nyuzi: nani analindwa hasa?



Kila ikifika Agosti 7 tunaona picha zile zile. Mashada ya maua kwenye bustani ya kumbukumbu pale makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie, Nairobi, majina yanasomwa, wazee waliopoteza macho wanashikwa mkono kupelekwa kwenye ukuta wenye majina. Hotuba, maombi, watu wanarudi majumbani. Leo naomba tuongee kitu ambacho kwenye hotuba hizo hakitajwi hata siku moja: ukuta. Namaanisha ukuta wenyewe wa zege au wa tofali, ulio kati yako wewe na kitu kinachopasuka nje.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu tutabaki kupiga soga. Ijumaa ile ya Agosti 7, 1998, Nairobi walikufa watu 213. Wafanyakazi wa ubalozi wa Marekani waliokufa ni 44: Wamarekani 12 na wenyeji 32. Sasa toa 44 kwenye 213. Waliobaki ni karibu 170, na wengi wao hawakuwa na shughuli yoyote na ubalozi. Walikuwa kwenye jengo la jirani la Ufundi, walikuwa kwenye basi lililokuwa linapita, walikuwa wanatembea kwa miguu wakiwaza mambo yao. Majeruhi walipita 4,000. Siku hiyo hiyo, muda karibu ule ule, Dar es Salaam walikufa watu 11, na hakukuwa na Mmarekani hata mmoja kati yao.

Jengo la ubalozi Nairobi liliharibika vibaya sana ndani, lakini mifupa yake ilisimama. Ufundi, lililokuwa pembeni yake, lilikwenda chini lote. Cooperative House nayo ilisimama, ila vioo vyake vikageuka visu. Majengo matatu, gari moja la bomu, matokeo matatu tofauti kabisa. Hivi umewahi kujiuliza kwa nini?

Jibu halihusu mapenzi ya Mungu peke yake, wadau. Kuna fizikia pale, na kuna hela.

Mlipuko unapotokea, hewa inasukumwa kwa ghafla na kuwa wimbi la mgandamizo linalokwenda kasi kuliko sauti. Upepo mkali ambao mhandisi anauhesabia kwenye jengo la kawaida unasukuma kwa nguvu ya karibu kilopaskali 1, yaani kama kilo 100 kwa kila mita mraba ya ukuta. Basi chukua mlipuko wa tani moja ya TNT (makadirio yanayotajwa sana kwa bomu la Nairobi ni karibu na hapo). Ukiwa mita 50, hewa inakusukuma kwa kilopaskali 40 hivi. Hiyo ni tani 4 kwa kila mita mraba! Na ukuta unaoutazama mlipuko uso kwa uso unapata mara mbili ya hapo au zaidi, kwa sababu wimbi linagonga na kurudi. Ukisogea mita 10, namba inaruka mpaka kwenye kilopaskali 1,000. Kumbuka kioo cha kawaida cha dirisha kinaweza kuvunjika kwa kilopaskali chache tu, na ukuta wa tofali za saruji usio na nondo unasambaratika kwenye 14 mpaka 20. Ngoma ya sikio huanza kupasuka kwenye 35.

Ila kuna kitu kimoja kinachookoa: muda. Msukumo wote huo unakaa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Ukuta hausukumwi kama mtu anavyosukuma gari bovu, unapigwa kofi. Kama ukuta unaweza kupinda kidogo, ukameza lile kofi bila kukatika, umepona, na aliye nyuma yake amepona. Kama ni mgumu lakini mkavu, unakatika, na vipande vyake vinageuka risasi kuelekea ndani. Wanaosoma mambo ya milipuko wanasema wazi kwamba wengi hawauliwi na hewa yenyewe, wanauliwa na jengo lao. Ama linawaangukia, ama linawarushia vioo na matofali.

Hapo sasa ndipo zinapoingia hizi shuka za nyuzi ninazotaka kuwaeleza.

Zege ni kitu cha ajabu. Ukilikandamiza, linabeba mzigo mkubwa mno. Ukilivuta, hovyo. Nguvu yake ya kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi ya nguvu yake ya kukandamizwa. Ndiyo maana fundi anaweka nondo: nondo kazi yake ni kuvutwa. Ukuta ukipigwa na wimbi kutoka nje unapinda kuelekea ndani, kwa hiyo upande wa nje unakandamizwa na upande wa ndani, ule uliopaka rangi na kutundika kalenda, unavutwa. Kama nondo ni chache au hakuna kabisa, unafunguka kwa nyufa upande huo na mchezo umekwisha.

Wazo la wahandisi likawa hivi: kama udhaifu uko kwenye uso wa ndani, tuuvishe uso huo kitu kinachovutika. Wakachukua kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za kioo, au za kaboni, au za aina ile ya Kevlar inayotumika kwenye fulana za kuzuia risasi, wakakibandika ukutani kwa gundi ya epoksi. Kila mliokaa pwani mnaijua faiba, ile ya boti na matangi. Ni ukoo mmoja na hiyo, ila hapa nyuzi zimepangwa kwa mwelekeo maalumu na gundi ni ya kiwango cha juu. Tabaka moja linaweza kuwa na unene wa milimita 1 hivi. Usilidharau. Nondo ya kawaida inaanza kunyooka kama pipi ikifika megapaskali 460 au 500. Uzi wa kaboni wenyewe unafika 3,500 na kupita. Ukishauchanganya na gundi namba inashuka, lakini bado ni kitu cha kuheshimu. Tena haushiki kutu. Kwa watu wa Dar, Tanga, Mombasa na Unguja, ambako chumvi inakula nondo mpaka zege linapasuka lenyewe bila bomu, hilo peke yake ni jambo kubwa.

Kazi yake lakini siyo ya kubandika kama karatasi ya ukutani. Plasta na rangi vinaondolewa mpaka zege lenyewe lionekane, uso unasagwa, vumbi linafutwa, mashimo yanazibwa, linapakwa tabaka la kwanza la gundi, kitambaa kinalazwa na kubanwa kwa rola ili hewa isibaki ndani, halafu tabaka jingine, halafu unasubiri ikauke sawasawa. Fundi akiacha vumbi au unyevu, umelipia urembo. Siku ya siku shuka itabanduka nzima nzima kama plasta ya kidonda.

Na kubanduka ndiyo ugonjwa mkubwa wa teknolojia hii. Kwenye majaribio, mara nyingi nyuzi hazikatiki. Kinachoachia ni pale zinaposhikana na zege, au kingo zake pale juu na chini, ukuta unapokutana na slabu. Ndiyo maana siku hizi wanazifunga kingo kwa vyuma na bolti, au wanachimba matundu na kupitisha vishikizi vya nyuzi zile zile ndani ya zege. Kitu kingine: ukuta ukishasukumwa ndani, unarudi nje kama kamba ya manati. Ule uso wa nje uliokuwa unakandamizwa, sasa ndio unavutwa. Ukibandika upande mmoja tu, unaweza kulishinda pigo la kwanza ukaangushwa na la kurudi. Kwa hiyo kwa kazi ya maana wanabandika pande zote mbili, na hesabu ya gharama nayo inakuwa mara mbili.

Kuna tabia nyingine ambayo wauzaji huwa hawaitangazi sana. Nondo ikizidiwa inavutika, inanyooka, inakupa ishara, na wakati inanyooka inameza nguvu. Hizi nyuzi hazifanyi hivyo. Zinabeba, zinabeba, zinabeba, halafu pwaa! Hazina kunyooka. Kwa hiyo mtu akikwambia amefanya ukuta uwe na nguvu mara tatu, muulize: na ukizidiwa unafanyaje?

Wanajeshi wa anga wa Marekani walishaliona hilo. Kwenye kituo chao cha utafiti cha Tyndall, Florida, walichukua njia nyingine: wakaacha kutafuta ugumu, wakatafuta mpira. Walichukua dawa ya kupuliza aina ya poliurea, ndugu ya ile inayopuliziwa kwenye bodi za pikapu zisichubuke, wakaipuliza upande wa ndani wa kuta za tofali. Wakalipua nje. Tofali zilivunjika, ndiyo, hilo hawakulizuia. Lakini ile ngozi ilivutika kama puto na kuvishikilia vipande visiingie ndani. Ukuta umekufa, watu wazima. Mimi binafsi naona hiyo ndiyo akili kubwa zaidi katika habari hii yote, kwa sababu inakubali kwamba ukuta ni wa kutupa, binadamu ndiye wa kubaki.

Pentagon nayo ni mfano mzuri. Kabla ya Septemba 11, 2001 upande mmoja wa jengo lile ulikuwa unamaliziwa ukarabati: madirisha ya kuhimili mlipuko, fremu za chuma kuyabeba, na kitambaa cha nyuzi imara kikafungwa nyuma ya kuta za tofali kati ya nguzo za chuma, ili tofali zisiruke ndani. Ndege ikaja ikapiga upande huo huo. Walikufa watu 125 waliokuwa kwenye jengo, achilia mbali wa kwenye ndege, kwa hiyo hakuna anayesema ilikuwa salama. Lakini vioo vingi jirani kabisa na pale ilipoingia vilibaki kwenye fremu zake, na sakafu za juu zilining'inia karibu nusu saa kabla ya kuanguka. Nusu saa ni muda mrefu sana kwa mtu anayetafuta mlango.

Sasa turudi Ufundi.

Nimeona watu wakijadili kana kwamba Ufundi ingebandikwa kaboni ukutani ingepona. Hapana jamani. Pale lililokufa siyo ukuta, ni mifupa. Somo la hilo lilitolewa miaka mitatu kabla, Oklahoma City, Aprili 19, 1995. Gari la mbolea iliyogeuzwa bomu lilipasuka mbele ya jengo la serikali la Alfred P. Murrah. Watu 168 walikufa. Wachunguzi walipopiga hesabu wakakuta mlipuko wenyewe ulikata nguzo chache tu za mbele, ila nguzo hizo zilikuwa zimebeba boriti kubwa ambayo nayo imebeba nguzo nyingine zote za juu yake. Nguzo zikaondoka, boriti ikashuka, nusu ya jengo ikafuata. Wengi walikufa kwa kuangukiwa. Linganisha na Khobar Towers, Saudi Arabia, Juni 25, 1996: bomu kubwa mno, uso mzima wa jengo ulinyofolewa, wakafa wanajeshi 19, lakini jengo halikujikunja chini lote.

Kwa nguzo, ile shuka ya nyuzi ina kazi tofauti na ukutani, na kwa maoni yangu ndipo inapofanya kazi yake nzuri kuliko zote. Unaizungushia nguzo kama bandeji. Zege likibanwa pande zote halipati nafasi ya kupasuka na kumwagika. Linakaa ndani ya koti lake na kuendelea kubeba. Teknolojia hii ilianza kupendwa kwa ajili ya matetemeko, kule California na Japani, halafu watu wa milipuko wakaiazima. Chuo Kikuu cha California, San Diego, katikati ya miaka ya 2000 kilijenga hata mtambo wa kuigiza mlipuko kwa mashine za haidroliki, bila baruti. Unapiga nguzo kofi la milisekunde, unarekodi kila kitu, hakuna moshi wala moto wa kuziba kamera. Nguzo tupu ilikatika pale juu na chini. Nguzo iliyovishwa koti la kaboni ilipinda ikabaki imesimama. Siyo siri tena, mambo haya yamechapishwa, mhandisi yeyote wa hapa kwetu anaweza kuyasoma.

Ila koti haligeuzi nguzo mbovu kuwa nzuri. Kama saruji ilichakachuliwa, kama mchanga ni wa chumvi, kama nondo za 16 zilibadilishwa njiani zikawa za 12 (na wote tunajua hadithi hizo), gundi itashikana vizuri sana na uozo. Majengo yetu yanaanguka bila bomu, wadau. Nairobi na Dar zote zinajua kilio cha ghorofa kuanguka siku ya kawaida kabisa, jua linawaka, hakuna gaidi wala nini. Kabla ya kuongelea kaboni kwenye jengo la namna hiyo tuongelee kwanza nani alisaini michoro.

Halafu kuna moto. Epoksi nyingi za kawaida za kubandikia zinaanza kulainika kwenye nyuzijoto 60 hadi 80 hivi. Mlipuko ukifuatwa na moto, na mara nyingi hufuatwa, ile shuka bila kinga ya moto juu yake inapoteza mshiko mapema kabisa. Kwa milipuko ya gesi kama ule wa Embakasi, Nairobi, usiku wa Februari 1, 2024, ambako moto ndio ulioumiza watu kuliko kitu kingine, kumwambia mtu abandike faiba ukutani ni kumtania.

Na dirisha je? Unaweza kutumia mamilioni kwenye ukuta ukaacha kioo cha milimita 4 kwenye fremu ya alumini iliyoshikwa na skrubu mbili. Wimbi halibishi hodi, linapita pale palipo rahisi. Nairobi 1998 ndivyo ilivyokuwa. Wale jamaa walipozuiwa getini kulianza na kishindo cha guruneti na milio ya risasi. Watu kwenye maofisi ya jirani wakafanya ambacho mimi na wewe tungefanya: wakakimbilia dirishani kuangalia kuna nini. Sekunde chache baadaye likapasuka kubwa. Ndiyo maana Nairobi ilibaki na vipofu wengi namna ile. Agosti 4, 2020 Beirut ikarudia habari hiyo hiyo kwa ukubwa mwingine. Ghala la bandari linawaka moto, watu wamesimama barazani na madirishani wanarekodi kwa simu, halafu tani 2,750 za amonia naitreti zikapasuka. Zaidi ya watu 200 walikufa. Kumbe hata pale ukuta ulifanya kazi: maghala makubwa ya nafaka, zege nene la miduara, yalilikinga kiasi eneo la upande wake wa magharibi.

Kwa hiyo kama una hela ya kufanya kitu kimoja tu kwenye ofisi yako, usianze na kaboni. Anza na karatasi ya plastiki ngumu inayobandikwa kwenye kioo, na fremu inayoshika kweli. Kioo kitavunjika lakini vipande vitabaki vimeshikana. Ni kanuni ile ile ya shuka ya nyuzi, kwa bei ambayo hata shule inaweza kuifikiria. Na ukisikia kishindo nje, lala chini mbali na dirisha. Hiyo ni bure.

Sasa nifike kwenye kinachonikera.

Kinga kubwa kuliko kaboni, kuliko Kevlar, kuliko poliurea, ni umbali. Hesabu yake ni kali: mlipuaji akitaka kukufikishia madhara yale yale ukiwa mbali mara mbili, lazima abebe baruti mara nane. Marekani wanaijua hesabu hiyo tangu kitambo. Mwaka 1985, baada ya mabalozi yao kulipuliwa Beirut na Kuwait, tume ya Admirali Inman iliwaambia waweke mabalozi mbali na barabara, na kipimo kikawa futi 100, yaani mita 30. Nairobi ubalozi ulikuwa kwenye kona ya barabara mbili zenye watu kama siafu, na nyuma unashirikiana eneo la kuegesha magari na majirani. Balozi Prudence Bushnell alikuwa ameandika Washington zaidi ya mara moja kulalamikia usalama wa jengo lile. Ripoti ya tume ya Admirali Crowe iliyotoka Januari 1999 ilikiri wazi kuwa umbali haukutosha. Dar es Salaam ilisaidiwa na bahati: gari la maji la ubalozi lilikuwa getini, likalizuia lile la bomu lisiingie, na likameza sehemu ya pigo.

Baada ya hapo nini kilifuata? Mwaka 2003 Wamarekani walihamia Gigiri kwa Nairobi, na Barabara ya Bagamoyo ya zamani kwa Dar. Viwanja vikubwa, ukuta, nafasi, kila kitu. Sawa, ni haki yao kulinda watu wao, na wenyeji wanaofanya kazi ndani wanalindwa pia. Lakini ukuta mgumu hauli wimbi, unalirudisha. Linarudi barabarani, kwa muuza mahindi, kwa dereva wa daladala, kwa jengo lililo ng'ambo. Kila mwenye uwezo akijivisha ngozi ya nyuzi, asiye na uwezo ndiye anabaki kuwa kioo cha mtaa mzima.

Na siyo lazima liwe suala la ugaidi. Aprili 29, 2009 ghala la silaha la jeshi Mbagala, Dar, lililipuka. Februari 16, 2011 ikawa zamu ya Gongo la Mboto. Kila tukio liliua watu zaidi ya 20 na kubomoa nyumba za watu wengi, na baada ya Gongo la Mboto maelfu walilala Uwanja wa Uhuru wakitafuta watoto wao. Brazzaville, Machi 4, 2012, ghala la jeshi, zaidi ya 200. Bata, Guinea ya Ikweta, Machi 7, 2021, kambi ya jeshi, zaidi ya 100. Kote huko hakuna adui aliyetoka nje. Ni vitu vya serikali vilivyohifadhiwa karibu na nyumba za wananchi, nyumba za tofali za saruji zisizo na nondo hata moja. Ukuta wa namna hiyo ukipigwa kilopaskali 20 ni kifusi, na hakuna mwenye chumba na sebule Mbagala anayeweza kununua kaboni. Kwake jibu ni moja tu: sogeza ghala. Au kama haliwezi kusogezwa, imarisha kuta za ghala lenyewe kutoka ndani, lizungushie tuta la udongo, gawanya shehena vyumba vidogo vidogo ili kimoja kikiwaka visifuatane vyote. Tuta la udongo halihitaji gundi kutoka ng'ambo.

Na fidia nayo mnaijua ilivyokwenda. Mei 2020, Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Opati dhidi ya Sudan iliruhusu waathirika wadai hata fidia ya adhabu, na mwishowe Sudan ikalipa dola milioni 335 kumaliza kesi zake na Wamarekani, mabalozi yote mawili pamoja na meli ya USS Cole. Waliofanya kazi ubalozini walikuwa kwenye hesabu, ingawa wasio raia wa Marekani walipata pungufu. Waliokuwa Ufundi? Waliokuwa kwenye basi? Mwaka 2023, miaka 25 baadaye, Seneti ya Kenya ilikuwa ndiyo kwanza inaunda kamati maalumu ya kushughulikia fidia yao. Mstari ule ule wa ukuta wa ubalozi ndio uliochorwa kwenye hundi.

Kuna watakaosema napinga teknolojia. Siipingi hata kidogo. Ningependa nione nguzo za chini za hospitali, za vituo vya mabasi, za masoko ya ghorofa yaliyojazwa mitungi ya gesi, zimevishwa makoti. Huko watu ni wengi, na nguzo za kuhesabia ni chache: huvishi jengo zima, unavisha zile ambazo zikiondoka kila kitu kinashuka. Mhandisi mzuri anazijua kwa kuangalia michoro asubuhi moja. Shida ni kwamba sijawahi kuona tangazo la zabuni ya serikali hapa kwetu lenye kazi hiyo, wakati ya kupaka rangi majengo hayo hayo naziona kila mwaka wa fedha.

Wadau mlio kwenye ujenzi, mtusaidie hapo chini: mita mraba ya kitambaa cha kaboni au cha kioo na gundi yake inafika bei gani Kariakoo au Industrial Area, na fundi wa kuibandika mnampata wapi? Na aliyekuwa Moi Avenue siku ile, au Mbagala, aseme alikuwa nyuma ya ukuta gani.